Volti Tatu za Nyongeza

Shilingi elfu kumi na nane, mia tano na hamsini. Nimehesabu mara mbili, ya pili nikitumai nilikosea ya kwanza, na sikuwa nimekosea. Hiyo ndiyo bei niliyolipa ili kuokoa shilingi mia moja na sabini kwenye harusi ya mtoto wa marehemu kaka yangu, na hapo bado sijatia hesabuni redio ya gari la mtu, ambayo ndiyo inanifanya niwaandikie nyinyi leo badala ya kushona. Nasema mapema kwamba aibu ninayo, tele, asije mtu akadhani amebakisha kidogo ya kuniongezea.

Wanaonijua wanajua nauza mapazia mjini, kwenye vile vibanda vya ghorofani ambapo duka moja limegawanywa na watu saba na kila mmoja ana kioo chake, na wanajua pia mdomo wangu. Mtu wa ukoo wetu akitaka kununua kitu haendi dukani, anakuja kwangu kwanza. Nimebishania bei ya jeneza, ya godoro, ya gunia la viazi, hata ya jino (daktari wa meno mmoja wa Kileleshwa alinitajia bei ya kung'oa, nikamwambia kwa bei hiyo ang'oe mawili, akacheka hadi akaweka chini koleo lake, na mwezi uliofuata akaniagiza mapazia ya nyumba nzima, mkumbukeni huyo, atarudi). Sheria yangu ni moja tu, siondoki bila nyongeza. Sukuma wiki lazima iongezwe majani mawili, nyanya moja juu ya fungu, maziwa tone moja baada ya kipimo. Mtu akikupa zaidi ya ulicholipia unapokea, unashukuru, na unaondoka kabla hajabadili mawazo. Nimeishi Nairobi hii miaka ishirini kwa sheria hiyo na nyongeza haijawahi kunitia hasara, mpaka Jumamosi ile.

Harusi ilikuwa ya Nekesa. Baba yake, kaka yangu, alituacha miaka miwili kabla, na watu wote wa Riruta waliokaa ploti moja naye wanakumbuka alivyokuwa na wimbo mmoja wa kanisani aliouimba kila asubuhi akingoja pasi ipate moto, huku vidole vyake vikigonga meza kana kwamba ni kinanda (kinanda chenyewe hakuwahi kukimiliki, wala kukijua). Nekesa aliomba kitu kimoja, aingie kanisani kwa wimbo huo, upigwe kwenye kinanda cha kweli.

“Senje,” aliniambia, “chakula kikipungua ni sawa. Maua yakikauka ni sawa. Lakini wimbo wa Baba, tafadhali.”

Senje ni dada ya baba, na kwetu magharibi, baba asipokuwepo, senje habebi mzigo mwepesi. Nikamwambia, “Wimbo utalia, mama, hata nikiupiga kwa meno.”

Basi Alhamisi akaja Mwalimu Wanyonyi, anayefundisha kwaya yetu na kupiga kinanda, mtu mpole anayevaa kalamu mbili mfukoni. Akanikumbusha kwamba kanisani kwetu stima hupotea Jumamosi kama iliyolipwa ipotee, na kwamba kinanda kinatumia ama adapta ya ukutani ama mawe makubwa sita, yale ya redio. Akaniandikia kwenye karatasi: “Betri kubwa sita. Mpya. Za aina moja. Zisichanganywe.” Neno la mwisho alilipigia mstari mara mbili. Mimi ninayehesabu vitu mara mbili ningepaswa kumheshimu mwenzangu.

Dukani mjini betri moja ilikuwa arobaini na tano. Nikamwomba yule mama bei ya jumla, akasema bei ya jumla inaanza katoni. Nikatoka nikijisemea huu ni wizi wa mchana, na hatua kumi tu mbele, kwenye kona, nikamkuta mchuuzi amezitandaza kwenye karatasi ya nailoni, ishirini na tano.

“Mathe, hizi ni orijino.”

“Orijino ya wapi?”

“Ya hapa tu, mathe. Kwa boksi.”

Nikazikagua, nyekundu, zinang'aa, lakini zilikuwa nne.

“Niongeze mbili.”

“Zimebaki hizo, mathe. Nikuongezee wembe?”

Nikauchukua wembe. Nyongeza ni nyongeza. Na sikujali kwamba betri ni nne, kwa sababu nyumbani redio yangu ilikuwa na mbili za bluu ambazo nilikuwa nimezitoa wiki nzima nikizianika juu ya mabati, na kila jioni nazing'ata kidogo ubavuni kama tunavyofanya sote, msijifanye. Nne na mbili ni sita. Nilihesabu mara mbili.

Jumamosi saa mbili asubuhi stima ikapotea. Nikamkabidhi Mwalimu betri sita kwenye mfuko, akaziweka huku waliochelewa kupamba wanampitia na maua kichwani, akawasha, kinanda kikalia vizuri. Nikawaangalia watu wa kamati kwa yale macho ya mtu aliyeokoa pesa. Ubeti wa pili kikaanza kukwaruza. Wa tatu sauti ikawa ya mtu anayeteremshwa kisimani, halafu kikajizima.

Mwalimu akakigeuza, akafungua kifuniko cha nyuma.

“Senje, hizi za bluu zimetoka wapi?”

“Zimetoka juani.”

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Akanieleza kama anavyowaeleza watu wa sauti ya tatu, pole pole: kila jiwe lina volti moja na nusu, ukiyapanga sita kwa mstari unapata tisa, na kinanda kinataka tisa, lakini mstari ukiwa na wazee wawili waliochoka, wanaozuia ni wao. “Ni kama watu sita wamebeba jeneza,” akasema, “halafu wawili wakapanda juu ya jeneza.”

Kumtuma mtu madukani kulishindikana, maana duka la karibu lilikuwa na yale mawe madogo ya tochi tu, na Pasta alikuwa na harusi nyingine saa saba, na hakuwa mtu wa kungoja. Na hapo ndipo honi zikalia nje, gari la bibi harusi limefika.

Gari lilikuwa la yule daktari wa meno. Nilimwomba siku moja nikimpimia mapazia ya sebuleni, akasema chukua, Mama Mapazia, na dereva juu (mnaona nyongeza inavyonifuata?). Jeupe, limefungwa riboni, taa za hazadi zinapepesa tangu Kileleshwa, na dereva wake Mutua ameketi wima kama balozi. Wengine walitazama riboni. Mimi nilitazama boneti, nikafikiria lile betri kubwa kama tofali lililokaa humo ndani bila kazi.

“Mwalimu,” nikasema, “hilo betri la gari.”

“Hapana, Senje.” Akanionyesha maandishi chini ya kinanda. “Tisa. Imeandikwa tisa. Gari ni kumi na mbili.”

“Kwa hiyo tunapata tatu za nyongeza.”

“Hazihitajiki.”

“Nani amewahi kurudisha nyongeza?”

“Senje, volti ikipungua ni mbaya, ikizidi pia ni mbaya.”

“Hakuna kitu duniani,” nikamwambia, kwa sauti ambayo kamati ilisikia, “ambacho kikipungua ni kibaya na kikizidi ni kibaya.”

“Chumvi,” akasema Mwalimu.

Nikajifanya sikusikia. Nekesa alikuwa ameshusha kioo, shela imemfunika mpaka kidevuni, akaniuliza, “Senje, kuna shida?” Nikamjibu hakuna shida, mama, dakika mbili. Mwalimu akamwangalia yule msichana, akaangalia saa, akaangalia kinanda, na nikaona mtu mwenye akili anavyoshindwa na mtu mwenye mdomo. Tukaukata waya wa adapta ya kanisa upande wa ukutani, tukaumenya kwa wembe (ule ule), Mutua akalisogeza gari, boneti mbele, hadi dirishani, akaunganisha upande wa chanya na wa hasi jinsi Mwalimu alivyomwelekeza, waya ukapitishwa kwenye vyuma vya dirisha, na kinanda kikawaka. Kikalia! Mimi nilikisikia kikilia kwa nguvu kuliko mwanzo. Mwalimu anasema hayo yalikuwa masikio yangu.

Maandamano yakaanza. Wasichana wa maua wakatangulia, nyuma yao Nekesa, ameshika mkono wa baba yake mdogo, na wimbo wa kaka yangu ukajaa kanisa zima, na nakiri nililia. Sasa hapo ningekaa chini. Lakini nilikuwa nimesimama pale dirishani kama mlinzi, na wazo likanijia kwamba betri likichoka katikati itakuwa aibu, nikainamia vyuma nikamnong'oneza Mutua awashe injini.

“Madam, ikinguruma inapanda. Karibu kumi na nne na nusu.”

“Inapanda bure?”

“Eeh, bure, lakini—”

“Iwashe.”

Akaiwasha. Ubeti wa tatu, Nekesa akiwa katikati ya kanisa, nikasikia harufu ya sahani ya plastiki iliyosahauliwa juu ya jiko. Halafu noti moja ikakwama, piiiiii, noti ambayo haimo kwenye wimbo huo wala wimbo wowote ninaoujua. Mwalimu akainua mikono yote miwili juu, kama mtu aliyesimamishwa na polisi, kanisa lione kwamba si yeye. Piiiiii. Moshi mwembamba ukatoka katikati ya vidude vyeusi vya kinanda, ukapanda taratibu kuelekea msalabani.

“Moto!” akapiga kelele mama mmoja wa upande wa bwana harusi.

“Amina!” akaitikia wa nyuma yake, aliyekuwa amefumba macho.

Nikauvuta ule waya. Haukutoka. Nikauvuta kwa uzito wangu wote, ukatoka, nami nikaenda nyuma nao, na kilemba changu, futi mbili za kitenge cha dhahabu, kikabaki kimenasa kwenye vyuma vya dirisha. Chini yake nywele zangu hazikuwa zimesukwa, kwa sababu Ijumaa nilimwambia msusi bei yake ni ya bibi harusi na mimi ni senje tu, nikatoka, nikajua kilemba kitafunika. Watu mia mbili na kumi. Nilihesabu viti mwenyewe.

Noti ikanyamaza. Nekesa alikuwa amesimama pale pale, ameniangalia kupitia shela, na sijawahi kuangaliwa hivyo na mtu niliyemwogesha akiwa mchanga. Nikajua nimempa moshi mahali pa baba yake. Kisha nikaona vidole vyake vinasogea juu ya mkono wa baba yake mdogo, vinagonga, taratibu, vile vile vya mezani, na akaanza kuuimba mwenyewe. Mwalimu akaudaka, kwaya ikafuata, akatembea hadi mbele. Wimbo ulilia, kama nilivyoahidi. Ni mimi tu sikuwa na mkono wangu humo.

Mngedhani basi. Lakini Pasta alikuwa ameashiria injini izimwe, Mutua akaizima, na taa akaziacha zinawaka zote, za mbele na za hazadi, kwa sababu asubuhi nilimwambia gari la bibi harusi halikai giza. Ibada, mahubiri, kutia sahihi, hotuba ya mwenyekiti wa kamati (aliyenitaja kwa jina), vyote vikachukua saa mbili na nusu. Maharusi wakatoka, wakatupiwa mchele, wakaingia garini, Mutua akazungusha ufunguo. Tk. Akazungusha tena. Tk.

Vijana wa bwana harusi wakavua makoti wakasukuma, wakafika mbali kabisa, wakimwimbia shemeji yao, mpaka Mutua akaweza kuwaeleza kwamba gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, mkilisukuma mpaka Nakuru ni matembezi tu. Akaondoka kwa miguu kwenda barabara ya Naivasha kutafuta gari dogo la kutuazima stima. Kabla ya kwenda alinikabili mimi, katikati ya watu wote wale, akasema, “Madam, tafadhali. Usiguse kitu.”

Wakwe walikuwa wanaangalia saa. Mama mkwe mwenyewe akasema kwa sauti ya upole, ile mbaya, “Labda hiyo ni ishara.” Nekesa akanitazama kupitia kioo. Hapo ndipo likapita lori la mahema, linaelekea kwenye uwanja wa sherehe, linaendeshwa na Baba Kim ambaye ni jirani yangu. Nikalisimamisha katikati ya barabara.

“Baba Kim, una zile waya za kupeana stima?”

“Niko nazo, Mama, lakini lori ni betri mbili, zimefuatana. Ishirini na nne. Hilo gari ni kumi na mbili.”

Naomba mnielewe. Nilisikia. Nilikuwa na somo la asubuhi kichwani, na nililitafakari, na nikafikia uamuzi kwamba kinanda ni mtoto na gari ni mtu mzima, chakula cha mtu mzima hakiwezi kumuua. Nikamuuliza Baba Kim, “Hizo kumi na mbili za juu, unaniuzia au unanipa?”

“Nakupa tu, Mama, lakini ikilipuka mimi sikuwa hapa.”

“Hukuwa hapa.”

Akaunganisha huku amegeuza uso. Bwana harusi akazungusha ufunguo alioacha Mutua. Gari likawaka papo hapo, wallahi, likanguruma kama lililotukanwa! Wakati huo huo taa za mbele zikawaka nyeupe kuliko jua la saa sita, zikasema pa, halafu pa, zikazimika. Saa ya ndani ikaonyesha tarakimu ambazo si za saa yoyote, ikafa. Na redio, iliyokuwa imeanza tu kuwaimbia maharusi kwa raha zao, ikakohoa mara moja ikatoa kamoshi kadogo karibu na magoti ya bibi harusi. Wa pili siku hiyo. Nekesa akashusha kioo, mwenyewe anapepea kwa maua.

“Senje,” akasema, “asante. Umetuongezea vya kutosha.”

Sikujua kama ni hasira au ni kicheko mpaka nilipoona mabega yake. Alikuwa anacheka, mascara imeteremka hadi shavuni, bwana wake anacheka, hata mama mkwe aligeukia ukuta. Wakaondoka. Walifika. Walikula. Kwenye sherehe nilipakua pilau kwa kichwa wazi, na kila aliyepita na sahani aliniuliza kama nina nyongeza ya nyama au niko na volti tu.

Mutua alifika baadaye na teksi aliyoikodi pasipo faida, akalizunguka gari mara moja, akaketi ndani, akabonyeza hiki na kile.

“Taa mbili. Saa. Redio.”

“Lakini iliwaka,” nikasema.

“Iliwaka,” akakubali. “Taa utalipa, tutaweka kesho asubuhi kabla sijarudisha. Saa, Daktari huangalia ya mkononi. Redio utamwambia mwenyewe, Madam. Mimi sijui kuongea kama wewe.”

Nililipa taa. Nililipia kanisa adapta na kinanda kingine, cha mtumba lakini kizima (kile cha kwanza Mwalimu alinikabidhi kimefungwa leso, kama maiti, na fundi alipokifungua alikifunga tena bila kusema bei). Mwalimu amebandika karatasi chini ya hiki kipya: “TISA. Hata Senje akisema nini.”

Lakini Daktari sijamwambia. Wiki ya kwanza nilisema nitampeleka mapazia nikimwambia. Wiki ya pili nikampeleka mapazia. Sasa ni ya tatu, na jana amenipigia simu dukani.

“Mama Mapazia, redio ya gari langu imekufa ghafla tu, Mutua anasema hajui kitu. Nataka kununua nyingine hapo mjini, lakini mimi hao watu wataninyoa. Jumatano njoo tuende pamoja, unisaidie kwa bei. Wewe ndiye mtu ninayemwamini.”

Ndugu zangu, nishaurini. Nikimwambia kabla hatujaingia dukani, ataghadhibika, nami sitakuwa na uso wa kubishania bei ambayo ni mimi nitailipa. Nikimwambia baada, nitakuwa nimeiteremsha kwa jasho langu lote na yeye atafikiri niliiteremsha kwa ajili yangu, na atafikiri kweli. Kunyamaza nimejaribu, hakunipi usingizi. Mwenye busara aniambie kabla ya Jumatano.

Na mwenye kujua mambo ya stima aniandikie hapo hapo chini, kwa tarakimu na kwa maneno, redio ya gari la kawaida ni volti ngapi. Sitaki makadirio, na nyongeza sitaki. Nataka zile zile.